Shajara ya mradi: usiku sita Chachapoyas, kaskazini mwa Peru

Januari. Mji umechaguliwa

Wasafiri ni wanne, wawili wa Dar es Salaam na wawili wa Nairobi, na safari ni ya mji mmoja wa Andes tu, siyo kuzunguka Peru nzima. Cusco imetoka mapema. Iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na anayepanda huko kwa ndege kutoka Lima, mji wa pwani, mara nyingi hutumia siku mbili za mwanzo akiuguza kichwa. Huaraz, mita 3,050, inawafaa wapanda milima, maana karibu kila kivutio chake kiko juu zaidi ya mji wenyewe. Cajamarca, mita 2,750, ilishindana vizuri: ndipo Wahispania walipomkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka, Novemba 1532, na maji ya moto ya Baños del Inca yako kilomita 6 tu kutoka mjini. Chachapoyas imeshinda kwa sababu ni ndogo, inatembeleka kwa miguu yote, na iko mita 2,335. Ni makao makuu ya jimbo la Amazonas la Peru, ambalo lisichanganywe na jimbo la Brazil lenye jina hilohilo. Mgongano huo wa majina umeshawapoteza watu wanaotafuta hoteli mtandaoni.

Kwa mapafu ya Afrika Mashariki, kimo hicho ni cha Nyahururu. Ngome ya Kuélap, sehemu ya juu kabisa ya ratiba, iko mita 3,000, yaani juu kidogo ya kibanda cha Mandara kwenye njia ya Marangu, Kilimanjaro. Dawa za kimo hazijawekwa kwenye bajeti. Maji ya kunywa, kulala mapema siku ya kwanza na kutokimbia ngazi vinatosha kwa mtu mwenye afya.

Mji uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini mwa ikweta, karibu mstari mmoja na Zanzibar na Dodoma. Hivyo hakuna jioni ndefu: saa kumi na mbili na nusu giza limeingia. Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi za kule huandikwa kwa mtindo wa 24, kwa hiyo 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri na 14:00 ni saa nane mchana.

Msimu: mvua huanza Oktoba na kukatika Aprili, na miezi mikavu zaidi ni Juni hadi Agosti. Juni ina tamasha la Raymi Llaqta, zuri kwa ngoma na mavazi ya vijiji, baya kwa vyumba. Tarehe 28 na 29 Julai ni sikukuu ya taifa, nusu ya Peru iko barabarani na nauli zinapanda. Tumechukua wiki ya pili ya Julai.

Januari mwishoni. Karatasi

Viza ya Peru inahitajika kwa pasipoti za Tanzania na Kenya, na inaombwa kabla ya kuondoka. Kuna msamaha unaozungumzwa sana, kwamba mwenye viza ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia au Schengen (kundi la nchi nyingi za Ulaya) anaingia Peru bila viza. Msamaha huo uliandikwa kwa raia wa China na India. Mtanzania mwenye viza ya Schengen asiutegemee, maana atakayemzuia ni mhudumu wa ndege pale Dar, hata kabla ya kuona uhamiaji wa Lima.

Njia ya anga: Amsterdam, Paris na Madrid zina ndege za moja kwa moja hadi Lima, na Addis Ababa inaunganisha São Paulo. Kupitia Marekani kumefutwa kwenye mpango, kwa sababu hata kubadilisha ndege tu kule kunadai viza. Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Kongo (DRC): Ulaya ya Schengen inakudai viza ya kupitia uwanja wa ndege hata usipotoka nje ya jengo, isipokuwa una kibali kama cha ukaazi kinachokusamehe. Wengi wanalijua hili wakiwa wameshalipa tiketi.

Kadi ya njano ni ya lazima kwa vitendo. Jimbo la Amazonas lina maeneo ya homa ya manjano, na Peru imo kwenye orodha ya nchi ambazo msafiri akitokea huko, Tanzania inamwuliza kadi anaporudi. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, hivyo kadi ya zamani yenye tarehe ya mwisho ya miaka kumi bado ni halali. Irudishwe kwenye pasipoti, isiachwe kabatini.

Februari. Kufika

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu. Lima hadi Chachapoyas kuna njia nne, na kila moja ina mahali pake pa kukwama.

Uwanja wa Chachapoyas wenyewe ni mdogo, unapokea ndege ndogo, na mawingu ya asubuhi yakilala juu ya bonde ndege haitui. Basi la usiku kutoka Chiclayo, mji wa pwani ya kaskazini, hutumia saa tisa hadi kumi, likivuka Andes kwenye kipito cha Porculla, kilicho chini kuliko vipito vyote vya milima hiyo nchini Peru, kama mita 2,140 tu. Basi ni zuri kwa mfuko, lakini linakula usiku mmoja na asubuhi inayofuata, na abiria anateremka akiwa hana hamu ya kuona chochote. Tarapoto ina ndege nyingi, ila barabara yake ni saa saba au nane na inapita kwenye miteremko inayoporomoka.

Tumechagua Jaén: mwendo wa kama saa moja na nusu kwa ndege kutoka Lima, kisha mwendo wa saa nne kwa gari kupitia Bagua Grande na Pedro Ruiz. Jaén iko chini na ina joto na mbu wa dengi, kwa hiyo dawa ya kujipaka iwe kwenye begi la mkononi. Magari ya kuchangia yapo na huondoka yakijaa. Kwa watu wanne gari la kukodi linakaribiana bei na viti vinne, na dereva anasubiri ndege ikichelewa.

Saa nne hizo zisisomwe kama ahadi. Barabara imebanwa kati ya mto Utcubamba na majabali, na mawe huanguka hata msimu wa kiangazi. Tetemeko la Novemba 2021, kipimo cha 7.5, lilifunga sehemu kadhaa za barabara hizi na kubomoa mnara wa kanisa la mawe la La Jalca. Kanuni iliyoingia kwenye mpango: siku ya kutoka Chachapoyas na siku ya kuruka kutoka Lima kurudi nyumbani zisiwe siku moja. Tiketi ya Jaén na ya kurudi nyumbani zimenunuliwa mbalimbali, na ndege kubwa haimsubiri mtu aliyekwama Pedro Ruiz.

Jambo dogo la Lima: jengo jipya la abiria la uwanja wa Jorge Chávez limeanza kazi Juni 2025 na lango lake liko barabara nyingine. Maelekezo ya zamani ya "toka, vuka barabara, hoteli iko mbele" hayafai tena.

Machi. Kuélap

Kama siku moja tu ingebaki katika safari hii, ingekuwa hii. Kuélap ilijengwa na watu wa Chachapoya kuanzia karne ya 6 hivi, karne nyingi kabla ya Wainka kuwafikia. Ni ukuta wa mawe ya chokaa unaozunguka mgongo wa mlima, karibu mita 600 kwa urefu, na mahali pengine umesimama hadi mita 20. Ndani kuna misingi ya nyumba za duara zaidi ya 400.

Mfululizo wa siku uko hivi. Kutoka mjini hadi Nuevo Tingo ni kilomita 37, saa nzima, kwa sababu gari linashuka kwanza hadi mtoni, pale Caclic, ndipo lifuate bonde kwenda kusini. Kuondoka ni saa moja asubuhi. Nuevo Tingo kuna jukwaa la abiria ambako tiketi ya gari la waya hukaguliwa, kisha basi dogo linawapeleka kwenye kituo chenyewe. Kabini ni 26, kila moja watu wanane. Waya una urefu wa kilomita 4 na safari ni dakika 20: kabini inaning'inia juu ya korongo, inashuka kwanza, kisha inaparamia upande wa pili hadi La Malca. Kutoka La Malca ni kutembea kilomita 2 za njia ya mawe ya kupanda, dakika 30 hadi 40 kwa asiye na haraka. Farasi wapo kwa asiyeweza. (Waliofuatilia mjadala wa gari la waya Kilimanjaro mwaka 2019 watapata hapa la kutafakari. Kabla ya 2017 watu walifika Kuélap kwa barabara ya vumbi ndefu au kwa miguu wakipanda mita zaidi ya elfu moja kutoka Tingo.)

Tiketi ni mbili na hazihusiani. Ya gari la waya haiingizi mtu ngomeni. Ya ngome ni ya Wizara ya Utamaduni, na idadi ya wageni kwa siku ina kikomo. Utaratibu wetu ni kushika tarehe ya ngome kwanza, kisha gari la waya, kisha dereva. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kufika La Malca na kutazama ukuta kutoka nje.

Kitu cha kuangalia bila kuharakishwa ni mlango. Unaingia kati ya kuta mbili ndefu zilizo wazi juu, njia ikiwa pana. Kadiri unavyopanda kuta zinasogeleana, mpaka mwisho anapita mtu mmoja, bega likigusa jiwe kila upande. Adui elfu wakifika pale ni adui mmoja mmoja. Juu, kwenye nyumba chache, mawe yamepangwa kuwa ukanda wa almasi na zigizaga. Asubuhi jua linapoupiga kwa ubavu ukanda unajitokeza, mchana unalala.

Picha za zamani zisiongoze matarajio. Aprili 2022 sehemu ya ukuta wa kusini iliporomoka baada ya mvua. Ukuta huu ni ganda tu: nyuma yake kuna kifusi cha udongo na mawe kinachobeba ngome nzima. Maji yakipenya juu na kukosa pa kutokea, kifusi kinavimba na kusukuma ganda nje. Ngome ilifungwa, ikafunguliwa tena Agosti 2023 kwa njia zilizopunguzwa. Mgeni atakuta nguzo za kushikilia na sehemu zilizozungushiwa kamba. Anayeahidi "tutaingia kote" anauza maneno.

Yanayoharibu siku: radi na upepo mkali husimamisha waya, na hutokea zaidi alasiri. Ndiyo maana ya saa moja asubuhi. Na Jumatatu gari la waya halifanyi kazi.

Aprili. Ratiba imepinduliwa

Rasimu ya kwanza ilifuata mtindo wa mawakala: maporomoko ya Gocta siku ya pili, Kuélap ya tatu, kila jioni kurudi mjini. Ramani ndiyo iliyoibomoa. Chachapoyas imekaa juu ya bonde, pembeni. Kila safari inaanza kwa kushuka Caclic na kuisha kwa kupanda tena. Kutoka Caclic, kusini ni Kuélap na Leymebamba, magharibi ni Luya, Lámud na Karajía, kaskazini ni Gocta na Pedro Ruiz. Maporomoko ya Gocta basi yako njiani kuelekea Jaén. Kuyaendea katikati ya wiki na kurudi mjini ni kulipa kipande hichohicho cha barabara mara mbili, kisha kukipita tena siku ya kuondoka.

Ukichanganya hilo na Jumatatu, ambayo pia ni siku ya kufungwa kwa makumbusho ya Leymebamba, wiki inajipanga yenyewe. Jumatano kufika. Alhamisi mji, na alasiri korongo la Sonche pale Huancas. Ijumaa Kuélap. Jumamosi majeneza ya kale ya Karajía, lakini kwa penseli: waya ukisimama Ijumaa, Jumamosi inageuka kuwa Kuélap na Karajía inafutwa. Jumapili Leymebamba. Jumatatu kuhama na mabegi hadi Cocachimba, kutembea Gocta, kulala hapohapo. Jumanne asubuhi Jaén.

Makaburi ya Revash yametolewa. Mawakala huyaunganisha na Leymebamba kwa siku moja, na hesabu ya saa inakubali, ila mtu anafika makumbusho zikiwa zimebaki dakika arobaini na miguu haitaki kusimama.

Aprili, inaendelea. Leymebamba na Karajía

Leymebamba ni kusini, zaidi ya saa mbili kwa gari. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa 2000, yana mumia zaidi ya 200 zilizookolewa kutoka ziwa la Laguna de los Cóndores baada ya makaburi ya pale kugunduliwa na kuanza kupekuliwa mwaka 1996 na 1997. Zimefungwa kwa nguo huku magoti yakiwa kifuani, nyingine zikiwa na uso uliodariziwa juu ya kitambaa. Zimehifadhiwa kwenye chumba chenye joto na unyevu unaodhibitiwa, na zinatazamwa kupitia kioo. Kuna pia kipu, zile nyuzi za mafundo za hesabu za Wainka. Makumbusho haya yako nje ya mji, si kwenye uwanja mkuu, kwa hiyo dereva aambiwe asiwashushe katikati ya Leymebamba. Mkabala wake kuna mkahawa unaoweka vinywaji vya ndege wa kolibri. Mwenye bahati anamwona yule mwenye manyoya mawili ya mkia yanayoishia kama vijiko, ambaye hapatikani popote duniani nje ya eneo hili la Peru.

Karajía ni majeneza ya kusimama, ya udongo, fito na majani makavu, hadi mita 2.5, yenye nyuso ndefu na kidevu kilichochongoka, yakiwa yamepangwa kwenye upenyo wa jabali. Yalikuwa manane, moja likaanguka. Yanaonekana kwa mbali kutoka chini, hivyo darubini moja kwa watu wanne imeongezwa kwenye orodha. Bila hiyo fuvu lililowekwa juu ya kichwa cha jeneza halionekani. Njia ya miguu kutoka kijiji cha Cruzpata inashuka nusu saa, na kurudi ni kupanda.

Mei. Gocta

Maji yanaanguka mita 771 kwa hatua mbili: 231 juu, 540 chini. Wanakijiji waliyajua siku zote, ila vipimo vilitangazwa kwa dunia mwaka 2006. Mabango ya "ya tatu kwa urefu duniani" yapuuzwe, maana kila orodha inapima kivyake.

Kutoka Cocachimba hadi chini ya maporomoko ni zaidi kidogo ya kilomita 5 kwenda na nyingine kurudi. Kinachowaumiza watu si umbali. Njia inapanda na kushuka, na sehemu ya mwisho kabla ya maji ni mteremko, hivyo kurudi kunaanza kwa mlima. Hesabu ni saa tano hadi sita jumla. Kuanza mwisho saa nne asubuhi. Ada hulipwa kwenye ofisi ya jumuiya kijijini, na farasi wa hapo wanakufikisha sehemu tu ya njia, si hadi majini. Njia ya pili, kutoka kijiji cha San Pablo, inafika hatua ya juu. Hizi mbili ni safari mbili. Atakayesema anaunganisha zote kwa siku moja aanze alfajiri na awe na magoti ya kijana.

Julai maji ni membamba kuliko Machi, lakini njia ni kavu. Machi maji yananguruma na udongo unateleza kama mlenda. Tumekubali maji membamba.

Mei mwishoni. Begi, pesa, chakula

Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 na nyumba nyingi hazina vipasha joto: sweta moja nzito, na blanketi la ziada liombwe mapema hotelini. Mchana jua la kimo hicho linachoma hata kukiwa na baridi, kwa hiyo kofia. Koti la mvua jepesi hata Julai. Buti ziwe zimeshavaliwa. Umeme ni volti 220, karibu sawa na kwetu, lakini soketi ni za pini mbili, hivyo chaja za pini tatu za Tanzania na Kenya zinahitaji adapta.

Benki na mashine za pesa zipo kuzunguka uwanja mkuu wa Chachapoyas. Cocachimba na Cruzpata zihesabiwe kama hazina. Noti za sol 100 na 200 ni usumbufu vijijini: zivunjwe mjini kuwa za 10 na 20 kabla ya Jumatatu. Dola yenye mchaniko, hata mdogo, haipokelewi.

Chakula cha kutafuta ni purtumute, maharage na mahindi yaliyopikwa pamoja na majani ya giligilani, na huane ya muhogo, chakula kinachofungwa kwa majani, ambayo kule huandikwa juane. Kwa Waislamu: cecina (nyama iliyokaushwa) mara nyingi ni ya nguruwe, na mafuta ya nguruwe, manteca, huingia kwenye vyakula ambavyo havionyeshi. Kuuliza "¿lleva manteca?" kabla ya kuagiza kunasaidia zaidi kuliko kukagua sahani. Samaki trucha ndiye salama ya kawaida.

Juni. Hali ya sasa

Viza zimetoka, tiketi za ngome na gari la waya zimeshikwa kwa Ijumaa. Chumba cha Cocachimba kimethibitishwa kwa Jumatatu. Kilichobaki ni dereva wa Jaén: amekubali tarehe zote mbili, lakini saa ya kuondoka Jumanne haijafungwa, kwa sababu ukarabati wa barabara ukiwepo magari hupitishwa kwa vipindi. Atapigiwa Jumapili jioni kutoka mjini, na kama kuna kipindi cha asubuhi, kutoka Cocachimba ni saa kumi na moja alfajiri.